Bujumbura na historia ya kusubiri basi

Machi 21, 2022, pikipiki, baisikeli na tuk-tuk za abiria zilipigwa marufuku katikati ya mji wa Bujumbura, Burundi. Serikali ilitaja ajali za barabarani kuwa sababu. Mzigo wote wa abiria ukaangukia mabasi na teksi, na foleni za jioni zikarefuka. Basi likitokea, foleni huvunjika: wenye nguvu husukumana mlangoni, wepesi hupanda kupitia dirishani, mama mwenye mtoto mgongoni hubaki chini akingoja jingine.

Katika miaka ya 1970, mtafiti Yacov Zahavi, aliyefanya kazi na Benki ya Dunia, alidai kuwa wakazi wa miji mbalimbali hutumia muda unaokaribiana safarini kila siku, kama saa moja hivi. Barabara ikiwa nzuri, mtu huenda mbali zaidi. Ikiwa mbovu, hutafuta mahitaji yake karibu. Lakini mtu hupanga hivyo pale anapojua safari itamchukua muda gani. Bujumbura imekosa uhakika huo mara nyingi.

Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, mitaa iligawanyika kikabila, na njia fupi ikaweza kuwa njia ya kifo. Julai 1996 Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mapinduzi. Nchi jirani zikaweka vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999, na mafuta yakawa adimu. Amri ya kutotoka usiku ilibaki hadi 2006. Kwa miaka hiyo yote, saa ya kurudi nyumbani haikupangwa na msafiri.

Amani iliporejea, shirika la Japani la JICA lilifanya utafiti wa dharura kuhusu usafiri wa mji huu. Lakini Januari 27, 2013, soko kuu liliteketea, na watu waliozoea kununua mahitaji palepale walipopandia basi wakalazimika kuyafuata kwenye masoko ya mitaani. Mwaka 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yaliziba barabara za mitaa ya Musaga na Nyakabiga.

Miaka ya karibuni, uhaba wa fedha za kigeni umekausha vituo vya mafuta. Madereva hulala ndani ya magari yao wakilinda nafasi kwenye foleni, huku abiria wakikanyaga lami kwa miguu.

Mtafiti akihesabu magari tu siku kama hizo, ataandika kwamba hakuna msongamano na mwendo ni wa kasi, kumbe mji umekwama. Afadhali amuulize mfanyakazi anayeishi Kanyosha, pembezoni mwa mji, swali moja: ili ufike kazini saa moja na nusu, unatoka nyumbani saa ngapi? Pengo kati ya saa hizo mbili ndilo gharama ya usafiri usioaminika, na anayeilipa ni yeye.