"Zeruzeru hafi, hupotea": uvumi uliozaliwa na jua

Kama umekulia Songea, au popote Tanzania, huenda umewahi kusikia kauli kwamba zeruzeru hafi, hupotea tu. Neno lenyewe leo ni tusi; tunasema mtu mwenye ualbino. Lakini kauli hiyo tusiitupe haraka. Hebu tuulize: watu waliona nini hadi wakasema hivyo?

Waliona kitu cha kweli. Waliona watu wenye ualbino wachache mno wakifikia uzee.

Mwaka 1985 Jeff Luande, Claudia Henschke na Nassor Mohammed walichapisha utafiti juu ya watu 350 wenye ualbino wa Dar es Salaam. Dalili za ngozi kuharibiwa na jua zilianza mapema sana, tangu utotoni: wekundu, mabaka, magamba. Kufikia miaka ya ishirini na kitu, wengi walikuwa tayari na saratani ya ngozi, hasa kichwani na shingoni. Mgonjwa mwenye kidonda usoni alijificha ndani, akafa kijana, akazikwa kimyakimya. Jirani asiyeona mazishi akasema "amepotea". Ndivyo uvumi unavyoweza kuzaliwa.

Na uvumi huo uliua. Ukishaamini kwamba mtu fulani si binadamu wa kawaida, ni rahisi kuuziwa uongo kwamba viungo vyake ni dawa ya utajiri. Mashambulizi yaliyotikisa Kanda ya Ziwa kuanzia karibu 2007 yalitokana na uongo huo.

Sasa, kwa nini ngozi inaungua? Mwili wa mtu mwenye ualbino hautengenezi melanini ya kutosha, ile rangi inayokinga ngozi. Macho nayo yanaihitaji, ndiyo maana hayaoni vizuri mbali, yanaumizwa na mwanga na mara nyingi huchezacheza yenyewe.

Mwaka 1995 wanasayansi walionyesha kwamba kwa Watanzania wengi wenye ualbino, kipande kilekile cha jeni iitwayo OCA2 kimekatika. Kasoro hiyohiyo imeonekana Afrika Kusini na Kameruni, kwa hiyo inadhaniwa ilitokea kabla ya wasemaji wa lugha za Kibantu kutawanyika. Yaani ni ya zamani kuliko mji wa Songea, na kuliko ujio wa Wangoni karne ya 19.

Mtoto huzaliwa na ualbino akirithi jeni yenye kasoro kwa baba NA kwa mama. Wazazi wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Utafiti ule wa 1985 ulikadiria mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino. Ukipiga hesabu, karibu mtu mmoja kati ya 19 ni mbebaji bila kujijua. Basi la abiria 57 likitoka Songea kwenda Njombe, kwa wastani limebeba watatu. Kwa hiyo baba anayemfukuza mkewe kwa madai ya kuzaa na Mzungu ajue kwamba nusu ya jambo hilo imetoka kwake.

Dawa ya kuondoa ualbino haipo. Ila saratani yake inazuilika, na hapo historia inabadilika. Mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilianza KCMC, Moshi. Miaka ya 2010 losheni ya kukinga jua, Kilisun, ikaanza kutengenezwa hukohuko kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mabaka ya hatari yakiwahiwa, huunguzwa kwa nitrojeni baridi sana au hukatwa kwa upasuaji mdogo. Yakichelewa, safari ni ya mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita elfu moja kutoka Songea.

Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya Juni isikudanganye: hewa inapoa, miale inabaki mikali. Kama nyumbani kuna mwenye ualbino, palilieni mahindi asubuhi na jioni. Avae kofia pana, mikono mirefu, apake losheni. Darasani akae mbele. Na kidonda kisichopona kwa wiki nne kisisubiri mavuno. Kipelekwe hospitali ya mkoa au Peramiho.

Hapo ndipo watoto wetu watawaona wazee wenye ualbino, na kauli ile itakosa wa kuiamini.