Mita kwetu, futi kwa majirani

Ndugu zetu waliokimbia vita na kuvuka mupaka wa Bunagana wanakuta Uganda kiwanja kinachoitwa "50 kwa 100". Kwetu Congo, ukitaja hesabu hiyo, kila mtu anaelewa mita. Kule ni futi. Futi moja ni sentimita 30.48, kwa hiyo kiwanja kina mita 15 na kidogo kwa mita 30 na nusu: mita za mraba karibu 465. Mwenye kufikiri mita anangojea 5,000!

Tofauti hii waliiacha wakoloni. Ubeljiji ilikuwa kati ya inchi zilizotia sahihi Mkataba wa Mita, Paris, mwaka 1875. Ilipochukua Congo toka mikononi mwa mfalme Leopold II mwaka 1908, iliitawala kwa mita, kilo na hektari. Ngambo ya mupaka Waingereza walipima kwa futi na maili. Mwaka 1900 walifanya mapatano na Buganda, na ardhi ikagawiwa wakubwa kwa maili za mraba; Kabaka peke yake alipewa 350. Mpaka leo ardhi ya namna hiyo inaitwa "mailo". Kipimo kiligeuka jina la haki ya kumiliki, na kwa maoni yangu ndiyo sababu vipimo vya Waingereza havikufa hata Uganda ilipohamia mita baada ya uhuru.

Mashamba nayo wanayahesabu kwa eka. Eka ni mita za mraba 4,047, haifiki hata nusu ya hektari. Mkulima wa Rutshuru aliyezoea hektari, akisikia bei ya kukodi eka kwa msimu, anaweza kuiona rahisi kumbe siyo. Eka yenyewe inagawanywa desimali 100, na kile kiwanja cha 50 kwa 100 ni desimali 11 na nusu hivi.

Na sisi pia tunavyo vya Waingereza. Mabati tunayanunua kwa BG, kipimo cha unene chenye jina la mji wa Birmingham, na BG 32 ni jepesi kuliko BG 28. Hata neno "inchi": kwetu ni taifa, kwao ni kipimo cha mbao.

Mnaokodi shamba ao kiwanja huko, ulizeni kwanza: futi ao mita? Kisha mupime pamoja na mwenyewe, na jibu lake liandikwe kwenye karatasi mbele ya kutoa franga.