Bosi aliyefundishwa kutembea

Kazi inaanza kwa wanja. Katika ofisi ya takwimu jijini Moscow, wanawake wanakaa mezani, wanatoa vioo, wanajipodoa. Hesabu za taifa zitasubiri. Ndivyo Eldar Ryazanov anavyotukaribisha kwenye "Sluzhebny Roman", vichekesho vya mapenzi ya kazini vilivyotengenezwa na studio ya Mosfilm na kutoka mwaka 1977. Aliiandika hadithi hiyo na Emil Braginsky, kwanza kama tamthilia.

Mkurugenzi ni mwanamke, Kalugina, aliyechezwa na Alisa Freindlich: suti isiyo na umbo, miwani mikubwa, uso mkavu. Chini yake yuko Novoseltsev (Andrey Myagkov), mtakwimu mwoga anayelea watoto wawili wa kiume peke yake. Anataka cheo, na rafiki yake wa zamani anamshauri amtongoze bosi. Anajaribu kwenye sherehe, kwa mashairi na nyimbo, anaharibu kila kitu, mwisho anamtukana.

Pembeni yupo Shura wa chama cha wafanyakazi, anayepita meza hadi meza akidai kopeki 50 za mchango. Aliyewahi kuajiriwa anamjua Shura. Siku moja anachangisha rambirambi za mfanyakazi mwenzao, Bublikov, kumbe mwenyewe yu hai, na anaikuta picha yake imezungushiwa maua.

Utamu wenyewe uko kwa katibu muhtasi Verochka (Liya Akhedzhakova). Kalugina anamwita ofisini, eti kwa shughuli ya kikazi, amweleze wanawake wanavaa nini siku hizi. Nyusi ziwe nyembamba, anaambiwa; zing'olewe hata kwa kalamu ya kuchorea ramani. Kisha somo la kutembea: Verochka anaringa mbele, mkurugenzi anamfuata kama askari kuruta.

Hapo ndipo filamu inaponikwaza kidogo. Bosi lazima abadili nywele, gauni na mwendo ndipo apendwe. Novoseltsev anabaki na suti yake ileile. Lakini ndiye anayelea watoto, na hakuna anayemcheka kwa hilo. Katika nchi ambayo wanawake walikuwa zaidi ya nusu ya waajiriwa, kisha wakirudi nyumbani kupika na kufua, si jambo dogo.

Mwaka 1978 iliongoza sinema zote za Kisovieti kwa watazamaji, zaidi ya milioni 58.

Urusi iliirudia mwaka 2011. Novoseltsev alichezwa na mchekeshaji wa Ukraine, Volodymyr Zelensky, ambaye mwaka 2019 alichaguliwa kuwa rais wa nchi yake. Na katibu muhtasi, safari hii, ni mwanamume.