Nywele, Matanga na Bwaki: Historia ya Vichwa Vyetu Masisi na Walikale

Mtu akitaka kujua historia ya Masisi na Walikale, tunamtuma kwa mwami, kwa wazee wa barza, ama kwenye paroisi afungue vitabu vya ubatizo. Ni vizuri. Lakini kuna kitabu kingine ambacho hatukisomi, nacho tunakibeba sisi wenyewe kila siku. Ni nywele. Unywele huota karibu santimeta moja kwa mwezi, na yale yaliyompata mwenye kichwa, njaa, homa, uzazi ama kilio, huonekana pale. Ndiyo maana katika kijitabu hiki cha mila zetu nimechagua kusema juu ya nywele zinazopunguka na zinazoanguka, jambo ambalo mama zetu wanalizungumza jikoni, wanaume wanalichekea kwenye kinywaji, na ni nadra mtu kuliandika.

Zamani kichwa kisicho na nywele hakikuwa aibu, kama kilikuwa kimenyolewa. Katika jamaa nyingi za kwetu kunyoa kulikuwa sehemu ya matanga. Watu walikaa na kilio siku zao, kisha wembe ukapita, na kichwa cheupe kikasema kwa kila mpita njia: huyu amefiwa, msimletee mzaha. Mtoto mchanga naye alinyolewa nywele za tumboni. Kwa ndugu zetu wa lugha ya Kinyarwanda, vijana walikatwa amasunzu, ule mtindo wenye matuta kama mwezi mchanga, na msichana mwenye amasunzu alijulikana kwamba hajaolewa. Ni kusema, mtu alisomwa kichwani kabla ya kuulizwa jina. Nywele zilikuwa chini ya amri ya mwenyewe na ya jamaa yake. Kilichoogopesha ni zile zilizokwenda zenyewe, bila wembe.

Nitatoa mfano wa nyumbani. Mama mkubwa wangu alikimbia vita ya 1993. Wasomaji wanaikumbuka: ilianza mwezi wa tatu kwenye soko la Ntoto, Walikale, ikapanda mpaka Masisi. Maelfu ya watu walikufa, na wapata 250,000 walihama vijiji vyao. Yeye alimzika bwana wake njiani, haraka haraka, bila matanga ya kweli. Miezi mitatu baadaye, akiwa amekwisha kupata kibanda na maharagi ya kula, nywele zikaanza kuanguka. "Kila nikichana, zinakuya mukono muzima," alikuwa akituambia. Mashemeji wakasema ni marehemu anazivuta kwa sababu hakuliliwa sawa. Wengine wakaenda mbali zaidi, wakanong'ona kwamba mwanamuke huyo alikuwa na mkono katika kifo cha bwana wake, na sasa kichwa kinamtaja. Katika miaka ile neno kama hilo lilitosha kumfukuzisha mtu kwenye kiwanja.

Leo twajua mambo yalivyokwenda. Kichwani kwa mtu mzima mwenye afya, nywele nyingi sana ziko katika kazi ya kuota, na chache zinapumzika zikingoja kuanguka. Kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku si ugonjwa. Lakini mwili ukipigwa na jambo kubwa, homa kali, njaa, kutokwa damu, kuzaa ama huzuni nzito, nywele nyingi huacha kuota kwa mara moja na kuingia mapumziko. Haziangukii siku ile. Zinangoja miezi miwili, mitatu, kisha zinatoka pamoja. Hapo ndipo shida yetu ilipokuwa, na bado iko. Jambo lilitokea mwezi wa tatu, nywele zinaanguka mwezi wa sita, na watu wanatafuta mkosaji wa mwezi wa sita. Ile nafasi katikati ndiyo uchawi unapoingilia. Mama aliyezaa naye hupatwa hivyo hivyo mtoto akiwa na miezi mitatu ama minne, na mara anamshuku mukamwana ama jirani aliyemsuka. Kwa kawaida nywele hizo hurudi zenyewe, kama mwili unapata chakula na damu haijapunguka. Za mama mkubwa zilirudi kabla ya mwaka kuisha. Mashemeji hawakurudi kuomba radhi.

Lakini nywele zilizotuambia mengi zaidi ni za watoto. Nataka kusema juu ya bwaki.

Hakuna mtu wa Kivu asiyejua neno hili. Miguu inavimba, uso unakuwa mviringo, ngozi inababuka, mtoto hachezi tena, anakaa na kulia kidogo kidogo. Na nywele: zinakuwa chache na laini, zinanyooka, rangi yake nyeusi inatoka na kuwa ya kahawia ama nyekundu, na ukizivuta kwa vidole zinakuja bila mtoto kusikia maumivu. Nimesikia kwa masikio yangu mtu akimsifu mtoto wa namna hiyo kwamba amepata "nywele ya kizungu". Alikuwa anasifu njaa, maskini, bila kujua.

Katika vitabu vya madaktari ugonjwa huu unaitwa kwashiorkor. Jina hilo alilileta daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Aliueleza ugonjwa mwaka 1933, na mwaka 1935 akauandika kwa jina ambalo mama wa kabila la Waga walikuwa wakilitumia tayari: ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kwenye ziwa kwa sababu mwingine anakuja. Ona basi, wale mama walikuwa wameshika sababu moja kubwa kabla ya daktari. Kwetu Kivu madaktari wa Kibelgiji waliukuta kwa wingi vilevile. Huko Lwiro, ambako taasisi ya utafiti IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947, ilijenga kituo chake, na katika kazi za CEMUBAC, shirika la utabibu la Chuo Kikuu Huru cha Bruxelles, bwaki ilichunguzwa miaka mingi. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba ni ukosefu wa protini tu. Siku hizi wataalamu wanaona mambo yanaungana: chakula cha namna moja, kuhara na minyoo, surua, na hali ya tumbo lenyewe. Lakini hakuna aliyesema kwamba mtoto anayekula bugali wa muhogo peke yake, asubuhi na jioni, atakuwa mzima.

Hapa historia ya nywele inakuwa historia ya udongo. Masisi ni inchi ya maziwa. Ni nani katika Goma asiyejua fromage ya Masisi? Inateremka kwa gari, magurudumu ya manjano yamepangwa, mpaka Goma, na mengine yalikuwa yakipanda ndege kwenda Kinshasa. Na katika vilima vile vile vyenye majani mazuri namna ile, watoto wamekuwa na nywele nyekundu. Haikuanza jana. Wakati wa ukoloni, Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, iligawa mashamba makubwa kwa Wazungu. Toka 1937 mpaka 1955 serikali ya Kibelgiji ilileta familia nyingi kutoka Rwanda kwa ajili ya kazi na makao, bila kuwauliza sana wenyeji, na bila kuwaambia waliokuja ukweli wote. Baada ya uhuru, sheria ya ardhi na ile zairianisation ya 1973 zikapitisha mashamba mengi mikononi mwa wakubwa waliokuwa karibu na serikali. Mabonde yaliyokuwa ya maharagi na mahindi yakawa ya ng'ombe. Mwenye kulima akabaki na kipande juu ya mlima. Mimi si mtu wa siasa, na kijitabu hiki si mahali pa kuhukumu jamaa moja dhidi ya nyingine, kwani bwaki haikuchagua kabila. Mtoto wa Muhunde, wa Muhutu, wa Mututsi, wa Munyanga, wote nywele zao zilibadilika rangi namna moja.

Walikale njia ilikuwa nyingine. Kule msitu ulitoa nyama, samaki wa mito, mawese na ndizi. Lakini cassitérite ilipogunduliwa Bisie, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana waliacha mashamba, na chakula kikabebwa migongoni msituni na kuuzwa bei ya ajabu. Tena katika jamaa nyingi za kwetu mwanamke alikatazwa mayai, ama nyama ya kuku, na mtoto alipewa mchuzi wakati baba anakula kipande. Miiko yetu mingi naipenda na ninaitetea. Huo siutetei.

Yale ya zamani yote hayakuwa ya kutupwa. Koko wangu alijua kupima bwaki: alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akahesabu polepole, akaangalia kama shimo linabaki. Wauguzi wa kituo cha afya wanafanya hivyo hivyo leo, na juu yake wanaongeza ule mkanda wa rangi unaozungushwa mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, chini ya santimeta 11.5 ni rangi nyekundu, ni hatari. Miguu yote miwili ikiwa imevimba, hata mkono ukionekana mnene, ni bwaki, apelekwe. Dawa yake ni chakula, lakini si kumjaza mtoto mara moja. Tumbo lake na moyo wake haviwezi. Aliye dhaifu kabisa huanzishwa na maziwa maalum lopitali, na mwenye hamu ya kula hupewa ule mchanganyiko laini wa karanga, plumpy, uliotengenezwa na Wafaransa mwaka 1996. Mafuta ya kupaka kichwani hayatarudisha kitu kama tumbo ni tupu.

Magonjwa mengine nitayapita haraka. Mapunye ya watoto wa shule, yale mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika, ni kuvu, na inatembea kwa wembe, kitana na kofia. Watu wanapaka mafuta ya gari, majivu, dawa ya meno. Kuvu iko ndani ya mzizi wa unywele, kwa hiyo pomada peke yake haiifikii. Inatakiwa dawa ya kumeza, kama griséofulvine, wiki sita ama nane, hata kama ngozi imeonekana kupona mapema. Ukoma nao zamani ulijulikana kwa nyusi zinazoanguka, na watu wakamkimbia mwenye nyusi chache hata kama hakuwa na ukoma. Hapo nawakumbuka Wanyanga na hadithi yao ya Mwindo, ambayo Daniel Biebuyck aliiandika mwaka 1956 kutoka kinywani mwa Shekarisi Rureke. Mwindo alipofika kwa Muisa alimkuta Kahindo amejaa buba, na hakuona kinyaa, alimwosha vidonda. Wazee waliosimulia hivyo walikuwa na fundisho la utabibu ambalo sisi wenye diplome tumelisahau. Rovu la shingo, ambalo kisiwa cha Idjwi kilijulikana nalo kwa wataalamu wa dunia nzima, nalo hukausha nywele na kuzipunguza, pale mwili unapokosa iode. Chumvi yenye iode imesaidia sana.

Kwa wanawake wa mjini hadithi ni nyingine kabisa. Mobutu alipoleta authenticité, perruque na suruali za kike zilikatazwa, na kusuka kwa uzi kukawa fahari. Ilikuwa kazi nzuri, lakini uzi ukikazwa sana unavuta mzizi. Baadaye zikaja meshi na defriza, na katika saluni za Goma, Sake na hata Masisi-centre mtu alikaa saa tano akilia machozi. Angalia mama wengi wenye umri wa miaka arobaini: kipaji kimepanda, nywele za karibu na masikio zimekwisha. Huo si uzee wala laana, ni kuvutwa. Ukiacha mapema, zinarudi. Ukiendelea miaka, ngozi inafanya kovu na hakuna pomada ya sokoni itakayozirudisha, hata muuzaji akiapa kwa jina la Mungu. Msusi akikaza mpaka macho yanavutika, mwambie, "Yaya, legeza kidogo." Na kama ni utosi unaochoma, unawasha na kupunguka, muone munganga wa ngozi bila kungoja.

Wanaume wana upara, na wanausamehe. Ni urithi, hauponyi wala hauui, na kwetu mzee mwenye kipara anapewa kiti cha mbele. Minoxidil iko, lakini mtu akiiacha, nywele zinaondoka tena. Sioni sababu ya mwalimu kutoa nusu ya mshahara kwa jambo hilo.

Narudi kwa watoto. Mwaka 2025 vita ilipofika tena Masisi-centre mwezi wa kwanza, na Walikale-centre mwezi wa tatu, watu walibeba tena magodoro, na mashamba yalibaki na maharagi ndani yake. Mwenye kuhesabu miezi alijua vichwa vitaonekana namna gani baada ya hapo.

Kuna kitu kimoja ambacho koko alinionyesha nikiwa kijana, na sijakikuta kwenye maonyesho yoyote ya mila. Mjukuu wake alikuwa ametoka bwaki. Nywele mpya zilikuwa zinaota nyeusi ti kutoka chini, na zile nyekundu zimesukumwa juu, kwenye ncha. Alimweka mtoto kati ya magoti yake, mlangoni penye mwanga, akapima ile sehemu nyeusi kwa upana wa kidole. "Hapa alianza kula," akasema, akigusa mpaka kati ya rangi mbili. Kisha akachukua mkasi, akakata zile nyekundu peke yake, moja moja, akazitia motoni.