Neno la Siri Baina ya Jamaa
Neno la siri la kompyuta halikuzaliwa nyumbani. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake waliiwezesha mashine moja kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Ikalazimu faili za kila mtu zihifadhiwe mbali na za mwingine. Baadaye desturi hiyo iliingia katika nyumba za watu. Windows 95, ya mwaka 1995, iliuliza neno la siri. Walakini aliyebonyeza kitufe cha Esc aliingia bila ya kulitaja. Lilikuwa pazia tu. Windows XP, ya mwaka 2001, ilitia komeo: aliyetaka aliweza kuzifungia faili zake hata ndugu zake. Komeo humzuia mwana kusoma barua ya babaye; kumfunza staha ni kazi ya wazazi.