Kabla Haujawa Wali: Mpunga wa Kiongoroni na Sinia ya Harusi



Msimu wa harusi ukikaribia, mnatutumia sana vipande vya vipindi vya runinga vya safari na mapishi. Mgeni anashuka Unguja, anapitishwa Darajani, jioni anakaa Forodhani na sahani ya urojo mkononi, kisha msimulizi anasema hiki ndicho chakula cha visiwani. Mwaka 2014 hata Anthony Bourdain alikuja Tanzania na kipindi chake cha Parts Unknown cha CNN, na Zanzibar ikawa sehemu ya safari hiyo. (Kwingine duniani alikula mengi ambayo sisi hatuyagusi, lakini alikuwa na adabu ya kukaa chini na wenyeji na kuwasikiliza.) Tunavipenda vipindi hivi. Mabibi harusi wengi wamepata humo fikra za kupamba meza ya walima.

Tatizo letu ni moja. Kiswahili kina majina matatu kwa kitu kimoja: mpunga ukiwa shambani, mchele ukishakobolewa, wali ukishapikwa. Kamera zinajua jina la tatu tu. Zinafika chakula kikiwa kwenye sinia, na kwa kufika wakati huo zinatufanya tuamini kwamba kisiwa kilijilisha chenyewe. Hakikujilisha. Ukitaka kujua wali wa harusi za visiwani ulikotoka, sehemu mojawapo ya kuangalia ni Kiongoroni, kwenye delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti, ambako nako ni visiwa, ila vya matope na mikoko, na hatujawahi kuona kipindi cha mapishi kilichopiga nanga huko.

Habari hii ni kongwe. Ibn Battuta, aliyepita pwani yetu mwaka 1331, ni kama mtangazaji wa kwanza wa vipindi vya namna hii. Mogadishu alipewa wali uliopikwa kwa samli, umewekwa kwenye sinia kubwa la mbao, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni achari ya ndimu, tangawizi mbichi na embe. Dada, isome tena orodha hiyo, kisha utuambie ina tofauti gani na sinia la harusi ya wiki iliyopita. Alipofika Mombasa, ambayo ni kisiwa, akaandika jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: watu wa pale hawalimi nafaka, huletewa kutoka nchi ya Waswahili. Karibu miaka 700 iliyopita, tayari kisiwa kilikuwa kinakula jasho la wengine.

Karne ya 19 mambo yakazidi. Enzi za Sayyid Said ardhi nzuri ya Unguja na Pemba ilijaa mikarafuu. Karafuu huleta fedha, lakini haijazi sufuria. Mji ulikua, mashamba yakajaa watu waliotumikishwa utumwani, na chakula kikawa kinatafutwa ng'ambo. Mchele mwingine ulitoka India. Mwingine ulipakiwa majahazini kwenye midomo ya mto Rufiji ukaletwa kwa pepo za msimu. Miaka ya 1880 ilipoanza, Sultani Barghash alimtuma Mwingereza William Beardall kuupanda mto huo na kuuchunguza. Sultani hakupeleka watu kwenye mto usio na faida.

Sasa hebu tuuangalie mpunga wenyewe, maana hapa ndipo tunapotaka mkae.

Delta ya Rufiji ina mikoko ya hekta zipatazo 53,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote ulioungana katika Afrika Mashariki. Maji ya bahari hupanda na kushuka humo mara mbili kwa siku. Mpunga hauvumilii chumvi, na mtu wa nje angeapa kwamba hapo hapaoti kitu. Lakini masika mto hufurika, maji matamu yakaisukuma chumvi kurudi baharini na kuacha tope jeusi lenye rutuba. Mkulima wa delta analima katika nafasi hiyo ndogo kati ya mto na bahari. Akikosea siku za kupanda, bahari inarudi.

Na mkulima huyo, kwa sehemu kubwa, ni mwanamke. Yeye ndiye anayepanda, anayepalilia, anayepambana na kaa wanaokata miche. Mpunga ukianza kutoa masuke, familia huhamia shambani na kuishi kwenye dungu, kijumba kilichoinuliwa juu ya nguzo. Mchana ni ndege na tumbili. Usiku ni nguruwe mwitu na viboko. Watoto hulala humo, chakula hupikwa humo, sala tano husaliwa humo. Kisha huja kuvuna, kupura, kutwanga kwa kinu na kupeta kwa ungo. Kilo moja ya mchele imepita katika mikono ya mwanamke mara nyingi kabla ya mpishi wa harusi kuiosha.

Vitabu vya historia vikiitaja delta hii, mara nyingi hutafuta manowari. Meli ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na ikazama tarehe 11 Julai 1915. Sawa. Kwetu sisi yaliyokuja kabla yake yana uzito zaidi: Mjerumani alilazimisha pamba, na muda wa kulinda mpunga ukaliwa na shamba la serikali. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 kwenye vilima vya Matumbi, kusini ya mto, na Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro, si mbali na delta. Njaa iliyofuata haikumbagua aliyepigana na asiyepigana. Tangu enzi hiyo pia mikoko ikawa mali ya serikali, na mpaka leo mama anayefungua shamba jipya hajui atakutana na nani kwanza, kaa au bwana misitu.

Kisha kuna kamba. Mchuzi wa kamba wa nazi mnaouona kwenye vipindi hivyo una uhusiano wa moja kwa moja na mikoko hii, kwa kuwa kamba wachanga hukulia kwenye mizizi yake, na maji kati ya Rufiji na Mafia ndiyo yanayotoa sehemu kubwa ya kamba wa Tanzania. Miaka ya 1990 kampuni moja iliomba maelfu ya hekta za delta ichimbe mabwawa ya kufugia kamba wa kusafirishwa nje. Wataalamu wa mazingira wa serikali walishauri vinginevyo, lakini mwaka 1997 Baraza la Mawaziri likaukubali mradi. Wakazi wengi walikataa, wengine wakaenda mahakamani. Mabwawa hayakuchimbwa. Ungepita mradi ule, leo tungekuwa tunazungumzia kamba wanaoliwa Ulaya na mashamba ya mpunga yasiyokuwepo.

Swali la sasa ni la maji. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, huko juu ya mto. Aprili 2024, baada ya mvua kubwa, mafuriko yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Umeme tunauhitaji, hatubishi. Lakini mpunga wa delta hutegemea mafuriko ya kiasi chake na kwa wakati wake: yakizidi, mche unaoza; yakipungua, chumvi inapanda. Anayeamua maji yatoke lini na kiasi gani ameshika ufunguo wa ghala la mwanamke wa Kiongoroni. Tungependa mwanamke huyo aulizwe, kwa sababu kalenda ya maji yale anaijua kuliko wengi wetu.

Turudi kwa bibi harusi wetu. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Na alipomuoa Bibi Safiyya (r.a.), wakiwa safarini kutoka Khaybar, walima haikuwa na nyama wala mkate: ulitandikwa mkeka wa ngozi, watu wakaleta tende, samli na maziwa yaliyokaushwa, wakala. Kilichokuwepo ndicho kilichowekwa. Tunaona wazazi wakikopa ili meza ifanane na ya runingani, mchele uwe wa Pakistani wenye punje ndefu, na wageni wasidhani familia ina dhiki. Mchele wa pwani ukipikwa kwa tui zito hauna cha kuonea haya.

Na kuna kitu cha delta ambacho hatujawahi kukiona kwenye kipindi chochote: pepeta. Mpunga huvunwa ukiwa umekaribia kukomaa, ungali na ubichi. Hukaangwa kwenye chungu, na ukiwa bado moto hutwangwa kwenye kinu mpaka punje zibapatike, kisha hupetwa makapi yatoke. Harufu yake ni ya moshi na majani mabichi. Huliwa hivyo hivyo, au huchanganywa na nazi iliyokunwa na sukari kidogo, ikateremshwa kwa chai ya tangawizi. Ukiitaka kwa asubuhi ya harusi, agiza mapema kwa wanaopanda boti Nyamisati kwenda delta, kabla mpunga haujakauka shambani. Ukishakauka, umechelewa hadi mwakani.