Sarafu za Kilwa na Ushahidi wa Ardhi

Katika athari zote walizotuachia masultani wa Kilwa, ukiacha Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa lililo juu ya jabali kuelekea bahari, hakuna iliyo ndogo na yenye ufasaha kama sarafu zao za shaba. Upande mmoja liliandikwa jina la sultani pamoja na la babake, na upande wa pili tamko la kumtegemea Mwenyezi Mungu, nalo likatungwa kwa makusudi lipate kuoana kwa kina na lile jina. Hivyo aliyelelewa katika mashairi ya pwani hastaajabu kwamba watu hawa, hata walipogonga pesa ya kununulia samaki na mtama, hawakuridhika kuiacha bila vina. Jambo walilolisahau, au waliloona halina haja, ni kuandika mwaka.

Kusahau huko kuliwasumbua wanazuoni muda mrefu. Mintarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abulmawahib kwa ukarimu wake, hapakuwa na shaka kubwa, maana Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta katika enzi yake. Lakini jina lililo jingi kuliko yote katika sarafu hizo ni la Ali bin al-Hasan, ambaye wengi wamemlinganisha na yule Ali anayetajwa katika hadithi ya Washirazi kuwa mwanzilishi wa utawala wa Kilwa, na zama zake hazikujulikana kwa yakini. John Walker wa jumba la makumbusho la Uingereza alizipanga sarafu hizi katika makala yake ya mwaka 1936, na Neville Chittick, aliyefukua Kilwa kwa miaka mingi, akamweka Ali bin al-Hasan mwishoni mwa karne ya 12.

Rafiki yangu mmoja, aliyewahi kutafuta dhahabu katika machimbo ya Chunya, alinishawishi tuichukue detekta yake tukapite nayo kandokando ya magofu ya Kilwa. Mashine hiyo hupeleka nguvu ya sumaku ardhini kupitia koili, na madini yaliyofichika yakiijibu, hulia. Mwenye kuishika huchimba pale pale, akatoa alichokipata, akaendelea. Nilimkumbusha kwamba sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 hairuhusu kufukua bila ya leseni, naye, kwa kuwa ni mtu mwadilifu, aliiacha mashine nyumbani, tukaenda na macho yetu tu. Hata hivyo hakuacha kuniuliza njia nzima: ikiwa sarafu imelala bure mchangani, ina hasara gani kuiokota?

Jawabu lililo bora nalijua kutoka Pemba. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, ilipatikana akiba ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, ndogo mno, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu, miongoni mwake zikiwamo za Wafatimiya, ambao wao, tofauti na watu wetu, walikuwa na desturi ya kuandika mwaka wa Hijra. Dinari hizo zilikuwa za karne ya 11. Na katika zile za fedha zilizozikwa nazo mlikuwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan. Basi sultani aliyedhaniwa kuwa wa mwisho wa karne ya 12 akarudi nyuma kwa takriban miaka 100, na sehemu kubwa ya tarikhi ya pwani ikabidi kupangwa upya. Ilitosha kwamba sarafu zisizo na mwaka zilionekana zimelala pamoja na sarafu zenye mwaka. Lau zingaliuzwa mojamoja kwa sonara, Ali bin al-Hasan angalibaki kuwa jina lisilo na zama.

Kinyume cha hayo ni habari ya Australia. Mwaka 1944 mwanajeshi wa anga aitwaye Maurie Isenberg, akiwa katika kisiwa cha Marchinbar, aliokota ufukweni sarafu tisa, akaziweka, na mwaka 1979 akazipeleka zichunguzwe. Tano zikawa za Kilwa na nne za Uholanzi. Ni jambo la kusisimua, nami sitaki kulipunguza, lakini mchanga wa ufukwe hauna tabaka wala makao, na zile za Uholanzi, zilizo changa kwa karne kadhaa, zinatatiza badala ya kusaidia. Ilhali sarafu moja tu ya al-Hasan bin Sulaiman, iliyopatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, inanena waziwazi juu ya njia ya dhahabu ya Sofala, kwa sababu mahali ilipopatikana pana historia yake.

Siku ile ya matembezi yetu tulivuka hata kisiwa cha Songo Mnara. Huko wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones, walipofukua kandokando ya makaburi, walikuta sarafu za shaba zikiwa pamoja na shanga na changarawe nyeupe zilizowekwa na watu waliokuja kuwakumbuka maiti wao, na hivyo tukajua kwamba fulusi hizi hazikuwa za sokoni peke yake. Nilimwonyesha rafiki yangu mahali hapo. Mashine yake ingalizitoa zile sarafu zote kwa asubuhi moja, na zile shanga na changarawe, ambazo haziwezi kuiliza, zingalitupwa kando pamoja na mchanga.